CD ya Gemu Thelathini: Inafaa Kununuliwa?

Jamani, mngeniuliza asubuhi ningewaambia msinunue.

Nasema ile CD ya gemu za familia niliyoichukua juzi hapa Korogwe mjini. Jalada linasema gemu thelathini, hakuna vita wala damu. Kweli, damu hakuna. Ila nyingi ni gemu ileile iliyobadilishwa rangi tu!

Leo nikamfuata muuzaji kulalamika. Akasema, "Dada, ilete, nitakubadilishia."

Nikarudi nyumbani kuichukua.

Sasa, mama mkwe anaishi kwetu tangu tumzike baba mkwe kule Kwamsisi. Huu mwezi wa pili. Anakula kidogo, anaitikia salamu, basi. Binti yangu Zuhura alishaanza kumwogopa.

Nafungua mlango, nawakuta wawili hao mkekani mbele ya runinga. Mama ameshika pedi ya kuchezea gemu, gari lake limekwama ukutani.

Zuhura anapiga kelele, "Bibi, rudi nyuma! Nyuma!"

"Nirudi wapi, mjukuu wangu, na wewe umenizibia njia?"

Akacheka. Mama huyu huyu!

Mimi nimesimama na mkoba begani. "Samahani mama, naomba hiyo CD niirudishe dukani."

Hata hakunitazama. "Ngoja kwanza nimshinde huyu."

Nikaenda zangu jikoni. Machozi yalinitoka kidogo, sitawaficha.

Kwa hiyo, gemu nzuri humo ni mbili tu.

Nunueni.

Na aliye karibu apite kesho. Zuhura yuko shule, na mama ameshaniuliza mara mbili nani atacheza naye.