Shingo Yangu Ilipopimwa

Mume wangu alinikaba koo Jumamosi moja asubuhi, jikoni kwetu Kinondo, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kumpigia pasi shati la kazi. Alikuwa mlinzi katika hoteli moja ya Diani. Makofi na mateke nilikuwa nimeyazoea, lakini kukabwa kulikuwa kugeni. Alinibana ukutani kwa mikono miwili hadi visigino vikaacha sakafu, na macho yangu yakaingia giza. Nilipozinduka, mahamri yalikuwa yanaungua jikoni na yeye anafunga kamba za viatu.

Aliyeniokota ni wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, aliyekaa nyumba ya pili. Alinifunga leso, akaazima gari la jirani, tukaenda hospitali Msambweni.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alipoinua vidole kunigusa shingo niliupiga mkono wake, trei ya vifaa ikaanguka. Nilimwomba radhi. Alinipa kikombe cha maji na kuniambia nimeze, nimeze tena.

"Mama, mbali na haya majeraha, kuna kinundu kinachopanda na kushuka unapomeza," alisema. "Kiko kwenye tezi ya shingo. Hiki hakikuja leo."

Nilikijua. Mwaka wa pili ule nilikuwa nikikificha kwa mtandio.

Alinitoa damu kupima homoni za tezi. Majibu yalikuja mazuri, lakini akanieleza kwamba damu huonyesha tezi inavyofanya kazi tu. Haisemi kinundu kina nini ndani. Kwa hilo ilihitajika picha ya ultrasound. Wiki iliyofuata nililala kitandani, mpiga picha akanipaka dawa baridi na kupitisha kifaa chake juu ya michubuko ambayo bado ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilishika chuma cha kitanda hadi vidole vikafa ganzi. Kinundu kilikuwa kimoja, ukubwa wa korosho, kingo zake zimeparaganyika. Wakasema lazima kichomwe sindano, chembe zake zikapimwe.

Kabla ya siku ya sindano, wazee wa pande zote mbili walituita nyumbani kwa mama mkwe. Habari za kinundu zilikuwa zimemfikia mume wangu, naye alizipokea kama zawadi.

"Mke wangu ana maradhi ya tezi," aliwaambia. "Shingo imevimba kwa ugonjwa. Mimi sikumgusa."

Ami yake alitikisa kichwa kumkubalia. Mimi sauti ilikuwa haijarudi vizuri, kwa hiyo wifi aliichukua fomu ya polisi, tuliyopewa kituoni na kujazwa na daktari, akaisoma mbele ya wote: alama za vidole pande zote mbili za shingo, mishipa ya damu iliyopasuka machoni. Kinundu kiliandikwa mahali pake, peke yake, kwamba ni cha zamani na hakiwezi kuacha alama za vidole.

Hakumaliza. Kaka yake, mume wangu, aliruka mkeka akampiga ngumi ya mdomo, na jino likatoka. Wanaume wanne walimlalia ndipo akatulia. Mama mkwe alimfuta bintiye damu kwa ukaya aliojifunga kichwani, kisha akawaambia wampeleke mwanawe kituoni, wasingoje polisi. Ami yake ndiye aliyemshika mkono wa kulia njia nzima.

Sindano nilichomwa mara tatu, wifi ameketi kando yangu na mdomo wake umevimba. Majibu yalichukua wiki mbili. Haikuwa saratani. Daktari akanitaka nirudi kila mwaka kwa picha.

Kesi ilikwisha kwa kifungo. Mimi nilihamia Shimoni kwa mama yangu. Mwaka jana nilirudi kupigwa picha, nikamwambia mpiga picha anijulishe kabla hajanigusa. Alinijulisha. Kinundu hakijakua.