Mkuyu wa Bwana Lin

Masika moja, Rhobi angali binti mdogo, kambi ya Wachina waliochimba visima ilikuwa jirani na boma la baba yake, nje kidogo ya Butiama. Fundi wao mmoja, Bwana Lin, alifariki kwa homa. Barabara ilikuwa matope matupu, basi baba akatoa kipande cha shamba lake, mgeni akazikwa hapo. Mwezi wa nne uliofuata wenzake walifyeka majani, wakafagia kaburi, wakaandaa wali, machungwa na chai mbele yake, kisha wakachoma karatasi za kumtumia marehemu. Kwao, walieleza, ndiyo siku ya kuwatembelea waliotangulia. Mradi ulipokwisha walimwomba baba asiliache kaburi liwe pori. Naye alipokuwa katika kitanda chake cha mwisho alimkabidhi Rhobi neno hilo: mgeni asisahauliwe, wala asiondolewe.

Rhobi aliolewa Manyamanyama, lakini kila masika alikwenda Butiama na ufagio wake. Tena, alikuwa amechomeka kijiti cha mkuyu kichwani pa kaburi, kwa maana mama yake alimfundisha kwamba marehemu asiye na mtoto hupandiwa mti, asikae peke yake. Kijiti kikawa mti mkubwa.

Mwaka huu Gody, mkalimani wa Musoma, alimpigia simu kwamba binti wa Bwana Lin anakuja kufagia kaburi la baba yake. Kisha akauliza, kama mtu aulizaye habari za mvua, "Hakuna mti karibu, mama? Wachina wenyewe wanasema mizizi ikimgusa marehemu, uzao wake hauponi. Wengine huhamisha mifupa."

Rhobi alifunga mzigo wake siku hiyohiyo. Alitangulia Butiama, akamwomba kaka yake Mwikwabe shoka.

Mwikwabe alicheka. "Si uliupandaga wewe? Hata mbuzi wangu ulinikataza kumfunga hapo. Leo unataka shoka?"

Rhobi alilishika shoka, akauzunguka mti. Akaona kwamba kisiki nacho kingemfichua. Akalirudisha.

Binti huyo, Bi Lin, alifika, mwanamke mwenye mvi, mnyamavu. Aliutazama mkuyu kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kaburi. Rhobi hakungoja kuulizwa.

"Mwambie ni mimi niliyeupanda," alimwambia Gody. "Nilidhani hana mtoto."

Gody alipotafsiri, Bi Lin aliinamisha kichwa. Akasema mama yake anaumwa mgongo miaka mingi, na nyumbani watu hunong'ona kwamba mumewe amelala vibaya kaburini. Lakini Bi Lin alichukua ufagio, wakafagia pamoja. Alipomaliza kupanga machungwa alivunja kitawi cha mkuyu, akakichomeka udongoni. Kwao siku hiyo huchomeka kaburini tawi la mti uotao kando ya maji, alieleza, ila hapa hakuuona. Kuhusu mifupa, alisema, hawezi kuamua bila mama yake. Angepiga simu akishazungumza naye.

Mpaka leo simu haijapigwa. Siku iliyofuata ugeni huo Rhobi aliazima jembe la Mwikwabe, akaanza kuchimba mtaro kati ya mkuyu na kaburi. Kila mzizi ulioelekea kwa Bwana Lin aliukata kwa panga, akautupa nje. Upande wa pili hakuugusa, mti usife.