Mwenza wa Karani wa Masjala

Jambo la kwanza ambalo binti, mwajiriwa mpya, aliliona kwa karani wa masjala ni chembe za ufutio zilizojaa kwenye mikono ya shati lake. Karani ndiye aliyeandaa michezo ya ofisi, na majina aliyapanga kwa penseli, akafuta, akapuliza, akaandika tena. Orodha ya mbio za miguu mitatu, ambazo wawili hukimbia wamefungwa mguu kwa mguu, ilimchanganya binti huyo. Mhasibu aliwekwa na katibu muhtasi, watu wasiosalimiana. Karani mwenyewe na mtunza stoo, ambaye hajamjibu salamu mwaka wa pili sasa.

“Mzee, hukukosea hapa?”

“Hata kidogo, mwanangu.”

Mchana akamkuta amejifunga mguu kwenye mguu wa kiti, anakiburuta, jasho linamtoka. “Mwenzangu ana hatua ndefu,” alieleza bila kucheka.

“Kwani amekubali?”

“Nilimwandikia barua. Ameigonga muhuri wa kupokelewa, akairudisha. Basi.”

Binti hakujua acheke au amhurumie. Ijumaa saa tisa, wengine wote walikuwa wameshafungwa wawili wawili uwanjani, wakisukumana na kutaniana.

“Mzee, tuanze, miguu inakufa ganzi!” alipiga kelele mhasibu.

“Subirini kidogo,” alisema karani, kitambaa cha kufungia miguu mkononi, macho kwenye mlango wa stoo.