Kamba Zilizotoka Kongolo

Baba yangu, Stanislas Numbi, ni seremala katika karakana ya reli hapa Élisabethville. Anatengeneza viti na milango ya mabehewa. Ameona dunia kwa baiskeli kuliko watu wengi wa kambi yetu ya wafanyakazi. Lakini safari moja aliyopaswa kuifanya, safari ya kumrudia binti yake, aliichelewesha miaka kumi na tisa. Naiandika habari hii bila kumsingizia na bila kumficha. Mwenyewe ndiye aliyeniomba nisimfiche.

Mwaka wa 1928 aliandikwa kazi ya reli, akatoka Kongolo pamoja na mama yangu, Albertine. Walikuwa na mtoto mmoja, Hortense, mwenye miaka minne. Kwetu mtoto wa kwanza si wa wazazi peke yao. Nkambo, yaani bibi, ana haki ya kumwomba akae naye, amletee moto asubuhi na kumwondolea ukimya wa nyumba, na kijana anayemnyima mama yake mtoto huyo huonekana ameanza uchoyo kabla hajafika mjini. Nkambo aliomba, na baba alikubali upesi. Mama anasema alikubali upesi mno.

Siku ya kuondoka, kituoni, baba alichutama mbele ya mtoto.

"Miaka tatu," alimwambia. "Nitapata konji, nitakuya kukubeba."

"Miaka tatu ni ngapi?" Hortense akauliza.

Nkambo ndiye aliyejibu. "Ni nguo tatu, mwanangu. Nguo ya tatu ikikuwa kidogo kwa mwili, baba yako anafika."

Walipanda treni hadi Kabalo, wakapanda meli ya mto Lualaba hadi Bukama, kisha treni tena hadi hapa. Walipewa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Mwaka wa 1930 akazaliwa dada yangu Brigitte, na tangu hapo kambi nzima ikamwita mama "Mama Brigitte", kwa sababu hakuna aliyemjua Hortense. Hata leo akiitwa hivyo mama haitiki mara ya kwanza. Majirani wanadhani masikio yake ni mazito.

Nkambo hakujua kuandika. Kila mara mtu wa kwetu alipoteremka kuja kutafuta kazi, alimpa kamba nyembamba aliyoisokota mwenyewe. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ulikuwa mkono wa Hortense, hadi fundo la pili kifua, na kamba nzima ilikuwa urefu wake toka bega hadi chini ya goti. Mgeni aliifungua katika kitambaa chake hata kabla ya kupewa maji. Mama aliipokea, akaitandaza mezani, akashona. Alijifunza cherehani kwa masista, na kushona ndiko kulikuwa kupumzika kwake, kama baiskeli kwa baba. Nguo ya kwanza ilikuwa nyeupe, yenye ukosi wa buluu. Haikutumwa kwa mkono wa mtu. Ilikunjwa na kuwekwa sandukuni, kwa sababu wangeipeleka wenyewe.

Konji ya kwanza, likizo ya kila miaka mitatu, ilifika mwaka wa 1931, mwaka wa shida. Shaba haikuwa na wanunuzi na wanaume walikuwa wakirudishwa makwao kwa mabehewa. Baba aliogopa kwamba akienda Kongolo kwa hiari, asingeitwa tena. Hapo simlaumu. Nani angemlaumu?

Konji ya pili ilikuwa mwaka wa 1934. Kazi ilikuwa imetulia, sanduku lilikuwa na nguo mbili na blanketi la nkambo, na kibali cha safari kilikwisha kupatikana. Siku chache kabla ya kuondoka akaja Faustin, seremala mwenzake, mwanamume wa maneno mengi, akisukuma baiskeli mpya. Baba naye alikuwa na yake. Sisi huku tunaiita kinga, na ya baba iling'aa kuliko sahani zetu.

"Baba Brigitte," Faustin akasema, akiegemea nguzo ya baraza, "barabara ya Kasenga imekauka, inalala kama mukeka. Na kinga yako inazunguka kambi tu kama kuku. Ao unaogopa tandiko? Ao matako yako nayo ni ya kampuni?"

Baba alicheka hadi akakaa chini. Mama alikuwa akipiga pasi.

"Na Hortense?" akauliza.

"Kongolo haina miguu," baba akasema. "Tutaikuta pale pale."

"Mutoto iko na miguu," mama akasema.

Baba alibadilisha kibali, na juma lililofuata waliondoka alfajiri, wanaume wawili wenye viraka vya mpira na mfuko wa unga, wakipiga kengele mpaka mwisho wa kambi.

Walifika Kasomeno, wakazunguka hadi Lukafu, na baba alirudi baada ya majuma matatu, mweusi kwa jua, na samaki wa kukaushwa wamening'inia kwenye usukani huku mbwa wote wa kambi wakimfuata. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye, lakini safari ile naijua kama niliyoifanya mwenyewe. Utoto wangu wote, Jumapili baada ya misa watu walijaa barazani kumsikiliza. Tulisikia jinsi Faustin alivyoshindwa kushika breki akaingia katikati ya mbuzi wa mkatekista, akatoka na mwanambuzi mapajani. Tulisikia habari ya kinyesi cha tembo kilichokuwa bado kikitoa mvuke barabarani, na jinsi walivyoendesha baada ya hapo bila hata kuulizana njia. Nilicheka kila mara. Nilimwomba arudie. Mama peke yake, baba alipofika kwenye mbuzi, aliinuka kwenda kutazama chungu, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba chungu kile huwa kinaungua.

Mwaka wa 1937 sababu ya kutokwenda ilikuwa sanduku. Mtu wa Élisabethville harudi kwao mikono mitupu. Kuna mashangazi, kuna wajomba, kuna mzee aliyekubeba ukiwa na homa, na kila mmoja atatazama mikono yako kabla ya uso. Baba alilifungua sanduku, akaliona halijajaa, akaona haya. Wakati huo kamba zilikuwa zikiendelea kufika, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Nguo zilizopitwa na mwili wa Hortense alizivaa Brigitte, na zilizochakaa kwa Brigitte zilikatwa zikawa mashati yangu. Ile nyeupe mama hakuikata, akaiacha sandukuni na vipande vya sabuni.

Kisha vita. Konji ya baba ilizuiwa, kazi ikaongezeka. Mwaka wa 1942 akafika mtu wa Kongolo, na safari hii hakufungua kitambaa. Alileta barua ya mkatekista wa huko: Nkambo amekufa, Hortense ameolewa, ana mtoto. Baba alinyoa nywele, akakaa barazani siku tatu. Mama alizikusanya kamba zote kutoka kwenye droo ya cherehani. Zilikuwa kumi na moja.

Tulikwenda mwaka wa 1947. Brigitte alibaki kwa masista. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilipewa kazi ya kukaa juu ya sanduku, ambalo hatimaye lilikuwa limejaa. Melini mama alikaa upande wa mbele, akitazama mto tunakokwenda.

Tulimkuta Hortense akimenya mihogo uani kwake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mabega ya baba, mdomo wa mama. Alitutazama, akatazama sanduku, akafuta mikono.

"Karibuni, bageni," akasema. Akamletea baba kiti.

Hakuwa na ukali. Alitupikia, alituwekea maji ya kuoga, alimwita baba "baba Stanislas" kama mtu anavyomwita jirani wa heshima. Neno "mama" alilitumia sana, na kila mara alimsema nkambo. Baba alipolifungua sanduku, mama alitoa nguo moja moja. Hapakuwa na hata moja ya kumwenea mwanamke yule. Ya mwisho ilikuwa ile nyeupe. Binti wa Hortense, Simone, mwenye miaka sita, aliinyakua, akaingiza kichwa, ikamshuka mpaka magotini. Ilimkaa kana kwamba alipimwa jana.

"Inapatana!" Simone akapiga kelele. "Mama, angalia! Inapatana!"

Mama alimfunga vifungo vya mgongoni. Alichukua muda mrefu. Vifungo vilikuwa vitatu.

Siku moja kabla ya kurudi, baba alimwambia Hortense maneno ambayo nadhani alikuwa ameyaandaa tangu Bukama. Alikuwa amevaa koti.

"Hortense, unajua desturi. Mutoto wa kwanza ni wa nkambo. Sasa sisi ndio bankambo. Utupatie Simone. Kule iko masomo, iko dawa. Ni miaka tatu tu."

Aliposikia maneno yake mwenyewe aliinamisha kichwa. Hortense aliendelea kupepeta unga.

"Mama aliniambia nguo tatu," akasema. "Nilihesabu. Nguo ya tatu ilikuwa kidogo, nikaenda kituoni. Na ya ine, nikaenda. Nilienda mpaka nguo ya saba, baba Stanislas. Kisha nikaacha kuhesabu." Akaweka ungo chini. "Desturi ninaiheshimu. Lakini huyu wangu hatajua njia ya kituo."

Baba alisema, "Ndiyo."

Asubuhi, mizigo ikiwa tayari, mama alimwita Simone pembeni, akatoa kamba mfukoni, akaanza kuinyosha begani mwa mtoto. Hortense alikuja akaishika kamba ile, bila nguvu.

"Hapana kumupima na kamba, mama Albertine. Kama unapenda kumushonea, ukuye huku mwenyewe."

Mwaka jana, nikisoma chuo kikuu kilichofunguliwa hapa juzijuzi, nikiwa nimewaka kwa mambo tunayojadiliana usiku na mchana, nilimwambia baba kwamba hatia si yake. Nilimwambia habari ya vibali, ya mtu mzima anayeomba ruhusa ili amtembelee mwanawe, ya reli iliyowabeba vijana wetu kusini kwa miaka arobaini na haikujali nani ameachwa nyuma. Nayaamini maneno hayo, na nitayasema hadharani mpaka sauti inikauke. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bazungu iko na zambi zao, nyingi," akasema. "Utaziandika, uko na macho. Lakini kibali nilikuwa nacho mukononi. Nilienda kuona mbuzi. Ile ni yangu, usibapatie."

Tangu mwaka wa 1947 hajakosa konji hata moja. Baiskeli imetundikwa ukutani kwa misumari miwili, na Faustin, ambaye sasa ni mzee, akija huitazama na kuzungumzia mvua. Reli ya Kamina hadi Kabalo imefunguliwa, meli haihitajiki tena. Mama habebi nguo. Anabeba kitambaa kizima na mkasi, na cherehani ya mkono magotini njia nzima.

Katika konji iliyopita nilikuwa nao. Mama alikuwa amemaliza kumshonea Simone, ambaye ni msichana mkubwa sasa, na kikabaki kitambaa cha kutosha. Hortense alikitazama. Kisha alisogea akasimama mbele ya mama, akainua mikono pande zote mbili, kama wanavyofanya watoto. Mama alipima mkono, kifua, urefu toka bega. Alipomaliza akaanza upya kutoka mkono. Hortense hakuishusha mikono.

Hakuna aliyekwenda kumwita baba. Alikuwa uani, amekipindua kiti chake cha siku zote, kile cha wageni, akipigilia miguu ambayo haikuwa imelegea.