Shuka Lenye Doa la Wino

Nilikuwa na miezi mitano nikijitolea katika ofisi moja ya kukuza utalii mjini Shinyanga. Kujitolea ni neno la heshima la kufanya kazi bila mshahara huku umevaa tai. Bosi aliniahidi kwamba hafla ya kuwapokea wageni ikienda vizuri, nitapata mkataba. "Ikiharibika," alisema, "utarudi kwa mama yako, mtaani Kambarage, ukaendelee kutafakari." Alikuwa ameshanijua.

Kazi yangu ilikuwa viti. Mahema yalikuwa mawili: la wageni, lenye viti vilivyofunikwa vitambaa na maji baridi, na la wenyeji, lenye mabenchi na jua lililoingia kuanzia saa nne. Agizo lilisema watu wa Asia wakae la wageni, mbele kabisa, kwa sababu mji wa kitalii lazima upigwe picha ukiwa na watu wa mbali. Nililala na agizo hilo siku tatu. Mtu wa Asia ni yupi? Aliyetoka huko mwenyewe, au hata ambaye ni babu yake tu aliyetoka huko? Nilitaka kumuuliza bosi, nikaogopa ataona shahada yangu ni ya bure.

Asubuhi ya hafla nikatumwa kununua mashuka ya kuwavisha wageni. Nilikwenda kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la nguo karibu na stendi, ambako mama alininunulia sare ya darasa la kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangaluka?"

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Nikacheka. Wazazi wangu walihamia hapa kikazi kutoka Mbeya, na Kisukuma changu chote ni hicho kicheko.

Shuka la mwisho lilikuwa na doa la wino kwenye pindo. Nikaomba anipunguzie.

"Doa hilo kaliweka mjukuu wangu," alisema. "Ungemjua alivyo mtundu, ungeniongezea kwa kunihurumia." Lakini akanipunguzia.

Nikamwachia na kadi ya mwaliko, nikamweleza kwamba mkataba wangu unategemea hafla hiyo. Orodha yangu ya Waasia ilikuwa fupi mno.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa Kichina anayeuza vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu kule Kalangalala, Geita. Ofisi ilikuwa imemkodia mkalimani kutoka Dar es Salaam. Mama alikaa, kiti kikayumba, akaninong'oneza: "Kaka, mguu huu mbovu. Lete kingine, usimwambie mtu." Mkalimani alipokuja, mama akanyamaza kwa adabu, akawa anasubiri kutafsiriwa. Mshereheshaji akitania, mama alicheka kabla ya tafsiri, kisha akajikohoza.

Mzee wa duka alipofika alielekea moja kwa moja kwenye mabenchi, ambako majirani zake walikuwa wamemwekea nafasi. Nikamkimbilia.

"Mzee, wewe ni huku."

"Huku kwa nani?"

"Kwa wageni."

Alinitazama kama mtu anayekaribishwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini akaja, akakaa.

Wakati wa kuvishwa mashuka begani kwa mtindo wa lubega ulipofika, mzee ndiye aliyeangukiwa na shuka lenye doa. Akalipapasa pindo, akalitambua, akanitazama. Nikatazama angani.

"Mgeni wetu!" mshereheshaji alipaza sauti. "Karibu Shinyanga! Umeuonaje mji wetu?"

Mzee akachukua kipaza sauti. "Mwangaluka!"

Hema la wenyeji lililipuka. Akaendelea kwa Kisukuma, taratibu, na watu wakajipiga mapaja kwa vicheko. Bosi, mtu wa Tanga, akaniinamia. "Anasema nini?" Nikamtazama mkalimani. Mkalimani akatazama viatu vyake.

Mama wa Kichina ndiye aliyetuokoa. "Anasema babu yake kazikwa hapa hapa Shinyanga, Tinde. Anasema familia ilikuwa inasubiri kukaribishwa tangu siku hiyo, leo wamekaribishwa, wanashukuru. Anasema shuka ni zuri, analijua." Alipoona tumeduwaa akaongeza, "Wateja wangu Wasukuma."

"Nani alimpanga huyu mzee kwa wageni?" bosi aliuliza kwa meno yaliyofungwa. Nikauona mkataba wangu ukiondoka. Kabla sijajibu, mgeni rasmi, mzaliwa wa hapa hapa, alikuja akijifuta machozi ya kicheko na kumpa bosi mkono. "Ubunifu mkubwa sana!"

"Ahsante, mheshimiwa," alisema bosi. "Tulikaa tukapanga."

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi salamu ile njia nzima.

"Mwangaluka, mzee."

"Saa hizi ni jioni, mwanangu. Mkataba umepata?"

"Nimepata. Afisa mapokezi ya wageni. Na bosi ameagiza mwakani ukae tena hema la mbele."

Hakucheka. Alinisogezea kigoda, akaagiza niletewe chai na maji, kama anavyopokelewa mtu aliyetoka mbali. Juu ya rafu nyuma yake niliona shuka lile lile limekunjwa upya, doa likiwa limeelekezwa nje.

"Basi utalihitaji," alisema. "Safari hii sipunguzi."