Ukuta wa Aminiel Ukingoni mwa Mfereji

Kwa kujisifu, kijiji kizima cha Akheri hakijapata wa kumfikia Aminiel. Kazi yake ni kuchomelea mageti, na kila geti akilimaliza hulizunguka kifua mbele kama bwana harusi. Basi alipoamua kumjengea mama yake chumba, alitangaza kwamba kuita mtu wa kupima ni kazi ya wasio na macho.

Mama alikuwa akilala kwenye nyumba ya zamani, kule juu mteremkoni, bati linavuja na magoti yamegoma kupanda. Aminiel alitaka chumba kiungane na nyumba yake, kiwe na choo ndani, na mama awe ameshahamia kabla ya masika. Upande uliobaki ulikuwa mmoja tu, ule wa jirani yake Yoeli, na katikati yao unapita mfereji unaomwagilia migomba ya kitongoji kizima. Mfereji huo ndio mpaka. Mwenyekiti wa kitongoji alimkumbusha kwamba anayeongeza chumba huacha nafasi kati ya ukuta na mpaka, ndivyo halmashauri inavyotaka. Aminiel akamjibu kuwa baba yake hakumwachia ardhi ili awape panya njia. Siku zile zamu ya maji ilikuwa ya watu wengine, mfereji umekauka, umelala kimya kama mlevi. Akachimba msingi ukingoni kabisa.

Ukuta ulipofika usawa wa dirisha, ikaja siku ya msaragambo, watu wote watoke kusafisha mfereji. Yoeli, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi, akashuka na jembe lake, akafika pale, akasimama. Upande wake ni mwinuko mkali, hata mbuzi hupafikiria mara mbili. Tangu enzi za babu zao, anayesafisha husimama upande wa Aminiel, ulio chini, na tope hurundikwa hapohapo ili ukingo upate nguvu. Sasa pa kusimama pamekuwa chumba.

"Bwana Aminiel," akasema, "hili tope niliweke wapi, kitandani kwa mama?"

Watu wakacheka. Aminiel naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Yeye aliyezoa tope la mfereji ule tangu utoto wake alikuwa amewaza mpaka, akasahau ukingo. Bila tope la kuushikilia, mvua kubwa ya kwanza ingeupasua, maji yangeingia chumbani, na mama yumo. Mwenyekiti hakuhitaji hata kupandisha sauti: ukuta uvunjwe, urudi ndani hatua mbili.

Mawingu ya masika yalishaanza kuufunika mlima Meru, na Aminiel alijua peke yake hawezi kuyawahi. Asubuhi akatoka na nyundo, uso umemshuka, akamkuta Yoeli ameshaanza kugonga.

"Huu ukuta nimeuchukia tangu tofali la kwanza," Yoeli akasema. "Usininyime raha yangu. Wewe safisha matofali, tutayapandisha tena."

Na kweli waliyapandisha, yeye na Yoeli na watu wa mfereji, Susana mke wa Yoeli akiwaletea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, ya kushika tumbo. Chumba kilipungua, kabati la mama likakosa pa kukaa, lakini mama mwenyewe aliingia bati likiwa limeshapigwa na ardhi bado kavu.

Masika yalipokuja yalikuja na hasira. Mfereji ukafura, ukaleta mawe na magogo, ila ukingo haukuachia. Mvua ilipopumzika, Yoeli alikuwa amesimama kwenye ile nafasi, anazoa tope, na mama anamtazama dirishani, shuka mabegani, miguu mikavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hapo kushoto umeruka."

Aminiel akatoka na chepe. Mdomo ule unaosifia mageti mpaka wateja wanachoka ulitafuta maneno, ukapata mawili tu.

"Asante, jirani."

Yoeli akaegemea mpini wa jembe, akamwambia arudie, maana jambo kama hilo Akheri halijawahi kusikika. Aminiel akarudia, safari hii kwa sauti ya kufika mpaka kwa watu wa juu, kisha akainama kuanza na pale kushoto.