Siku Niliyomzika Makokha Akiwa Mlangoni

Wacha nikubali aibu yangu mapema kabla hujaisikia kwa mtu mwingine: yule mwanamke wa ile video ya steji ya mabasi, anayetangaza kwa huzuni kubwa kwamba mtu yuko hai, ni mimi. Naliaka, wa duka la kuchapisha pale Hurlingham. Watu huingia kutoa kopi ya kitambulisho, wananiangalia, wanaangaliana, halafu wanatoka wakicheka mpaka barabarani. Wacheke tu. Hawakuwa pale, na hawakuona yule mama alivyonitazama.

Yote yaliletwa na filamu. Kama ulikulia Mutuini wakati wetu unamjua Makokha, yule mzungu mrefu mpiga mbizi, anayetafuta meli zilizozama na mali za wafalme waliosahaulika, ana kovu kidevuni na hajui kuogopa. Kwenye kasha la filamu alikuwa na jina lingine la kizungu (sijawahi kulishika mpaka leo), lakini sisi tulimjua kwa jina alilopewa na Baba Nekesa, jirani yetu, aliyekuwa na kibanda cha kuonyesha video. Kwa vile wengi wetu hatukuelewa kile Kiingereza cha puani, Baba Nekesa alikuwa anapunguza sauti ya filamu, anashika maikrofoni, anasimulia mwenyewe. Mzungu akawa Makokha, mtoto wa magharibi ya nchi yetu kama Baba Nekesa, na akapewa mama. Kila filamu ikiisha, hata kama imeishia kwenye barafu, utasikia ile sauti nzito: "Na Makokha akarudi nyumbani, akamkuta mama amekaa mlangoni, akamwambia, mama, mimi huyu." Tulikuwa tunalia kibanda kizima. Mwishowe watu wakaanza kumwita Baba Nekesa mwenyewe Makokha. Siku hizi kibanda hakipo, kila mtu anaangalia kwa simu yake, na yeye anatengeneza redio mbele ya nyumba yake.

Sasa baada ya miaka mingi ya kimya ikatoka filamu ya tano. Sisi mashabiki wa Makokha tuna kikundi, tunakutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha juu cha hoteli moja katikati ya mji, tunakunywa chai na mandazi na kugombana. Hiyo Jumamosi tuligombana kweli. Maana walichomfanyia Makokha, jamani, hata adui hafanyiwi. Amezeeka, mlevi, anaishi peke yake juu ya duka la samaki, na dakika ya kumi tu anateleza kwenye ngazi anakufa. Ngazi za nyumba. Mtu aliyetoka hai ndani ya meli iliyokuwa inazama na papa wamemzunguka. Halafu mpwa wake anachukua ile miwani ya kuzamia na filamu inaendelea kana kwamba kilichokufa ni kuku.

Aliyeitetea alikuwa Mutua. Mutua ni mtu wa Machakos, karani wa serikali, mtaratibu, na ameona filamu zote kwa Kiingereza na atahakikisha umelijua hilo.

"Shujaa akizeeka azeeke," akasema. "Ama mnataka na miaka sabini bado anaruka kutoka kwa ndege? Hiyo ni katuni."

"Azeeke, sijakataa," nikamwambia. "Lakini afie nyumbani kwa mama yake, si kwa ngazi."

"Mama gani?"

"Mama yake Makokha."

"Naliaka, hakuna mama. Nimeona zote tano. Huyo mama aliwekwa na huyo DJ wenu wa Mutuini."

Sijui nikuelezeje, lakini niliumia kama mtu aliyeambiwa nyanya yake hakuwahi kuzaliwa. Hasira ikanipanda, na mimi nikikasirika mdomo hutangulia akili, nikasimama nikasema basi, kama wenye filamu wamemtupa sisi tutamzika, Jumamosi ijayo, hapahapa, mazishi kamili na programu nachapisha mimi. Watu wakapiga makofi. Hayo makofi ndiyo yaliniponza.

Nikuambie siri ya kazi yetu: hakuna mtu anayetengeneza programu ya mazishi kuanzia mwanzo. Unafungua ya marehemu wa mwisho, unatoa jina, unatoa picha, unaweka mwingine, maneno yanabaki. Alhamisi nikafungua ya mzee mmoja tajiri wa mtaa wa Karen, iliyokuwa na ukingo wa dhahabu, nikaandika juu "Kwaheri Makokha Wetu", na chini nikaweka mahali na saa ya kikao chetu. Ile sentensi ya "alilala usingizi wa milele baada ya kuugua kwa muda mfupi" nikaiacha, kwa sababu huwa naiacha kwa kila mtu. Ikabaki picha. Nikamtafuta yule mzungu mtandaoni, picha zote zina maandishi katikati ya uso. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Baba Nekesa alikuja dukani mwezi uliopita kupigwa picha ya pasipoti na koti la duka (lile jeusi la kuazima). Nzuri alichukua, lakini ile iliyoharibika ilibaki kwenye kompyuta, macho yamefungika nusu. Nikajiuliza, kwani kwetu sisi Makokha ni nani kama si huyu? Nikaiweka. Niliona ni heshima. Kumpigia simu kumuuliza hakukunijia hata kidogo.

Nikachapisha nakala hamsini. Wino ulikuwa unaisha, kwa hiyo kila karatasi iliyotoka uso ulififia zaidi kuliko wa karatasi iliyotangulia, na ile ya mwisho ilitoka na koti tupu, na shingo, na weupe. Nywele zilinisimama, sitakudanganya. Nikaikunja nikaitupa, nikapiga picha ile ya kwanza nikaituma kwenye kikundi chetu cha simu nikaenda nyumbani.

Ijumaa jioni nikishuka Mutuini, pale njia ya kwetu inapoanza, nikakuta akina mama wamesimama na leso wamejifunga viuno. Nikawasalimu, sasa. Wakanijibu pole. Nikadhani ni pole ya kazi, nikasema asante. Mbele kidogo mwendesha boda alizima pikipiki yake ghafla akaanza kuisukuma, polepole, akipita mbele ya nyumba ya Baba Nekesa, na ile meza ya redio haikuwa nje, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Nikasema moyoni ameenda mjini kununua vipuri. Niliingia kwangu nikapika ugali nikala nikashiba (hilo ndilo linaniuma zaidi, kwamba nilishiba).

Jumamosi saa tisa mchana tukaanza. Tulikuwa watu kama thelathini, mapazia yamefungwa, mshumaa mmoja mezani kando ya ile picha, na Mutua amekubali kuja kwa sharti asiimbe. Nikasoma maisha ya marehemu. Nikasema sasa tusikie sauti yake mara ya mwisho, nikafungua kwenye laptopu mwisho wa filamu ya pili, rekodi ya zamani ya kibandani, na ile sauti nzito ikajaa chumba. Watu wakainamisha vichwa.

"Na Makokha akarudi nyumbani," sauti ikasema, na stima ikapotea.

Laptopu yangu betri ilikufa zamani, bila stima ni sahani. Ikazimika palepale, nikaona kioo kimekuwa cheusi kwa macho yangu. Lakini sauti iliendelea.

"Akamkuta mama amekaa mlangoni. Akamwambia, mama, mimi huyu."

Kisha nikageuka, na pale mlangoni alikuwa amesimama mtu wa kwenye picha, na koti jeusi kama lile la dukani, macho yamevimba yakafungika nusu. Viti vikaanguka. Mutua, huyu wa "hakuna mama", aliingia chini ya meza ya chai, na mimi niliyekuwa msimamizi wa mazishi nikapiga magoti nikauliza swali ambalo bado naulizwa mitaani.

"Baba Nekesa, ulikufa lini?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza, mwanangu," akasema.

Alikuwa mzima. Alisimama mlangoni akasikia rekodi yake, na mdomo ukaifuata wenyewe kwa mazoea, basi. Akakaa, akaomba maji, na akanieleza bila hasira, na afadhali angenitukana. Ile picha ilitoka kwenye kikundi chetu ikafika Mutuini yeye akiwa mjini kutafuta vipuri, ikatoka Mutuini ikafika kwao magharibi, na Ijumaa usiku wakamwonyesha mama yake. Mama ana ugonjwa wa moyo. Alishazika watoto wawili, na Baba Nekesa ndiye aliyebaki. Alimpigia simu kumwambia yuko hai, na mama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kanda za sauti ya mwanangu ninazo hapa. Msinichezee na sauti ya mtu aliyekufa." Akakata. Asubuhi akapanda basi kuja kuchukua mwili, simu imezimwa, saa kumi na moja anashuka hapa mjini.

"Sasa mimi nifanye nini?" nikamuuliza.

"Twende wote. Kwetu mtu akililiwa akiwa hai, aliyetangaza ndiye anatangua, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Asipofanya hivyo, wewe uliyeliliwa unabaki marehemu tu. Unakula, unatembea, lakini nyumbani hawakuhesabu."

Tukatembea mpaka steji. Nilikuwa namwangalia kivuli chake kwa pembe ya jicho, nione kama kipo. Nilijidharau kwa kuangalia, na bado nikaangalia.

Basi likafika. Akashuka mama mdogo, mwembamba, na leso mbili, amekumbatia shuka jeupe jipya kwenye karatasi ya nailoni, na nilijua mara moja ni la kazi gani. Baba Nekesa akamwendea akasimama mbele yake, akasema, "Mama, mimi huyu." Mama akamtazama kama unavyotazama ukuta. Akapita kando yake, akaja mpaka kwangu, akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Binti yangu," akasema, "huyu mtu nyuma yangu, wewe unamwona?"

"Namwona, Mama."

"Wengine wanamwona?"

Nilikuwa naona kifua chake kinavyopanda na kushuka kwa haraka, midomo imeanza kugeuka rangi, na nikajua kwamba nikichelewa dakika chache hilo shuka litapata mwenyewe. Nikamwambia mimi ndiye niliyetangaza. Akanitazama. Sitasema alinitazamaje.

"Basi sema," akasema.

Nikapanda juu ya kreti ya soda ya mama muuza maji. Makanga wa mabasi wakanyamaza mmoja mmoja, wachukuzi wakatua mizigo, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia steji ya mabasi ikiwa kimya. Simu zikainuliwa. Nikafungua mdomo, na kwa vile miaka yote vidole vyangu vimejua njia moja tu ya kuanza tangazo, mdomo ukaifuata hiyohiyo.

"Ni kwa huzuni kubwa tunatangaza," nikasema, kwa sauti, na nikasikia nilichosema, na hakukuwa na namna ya kurudi, "kwamba Baba Nekesa, mwana wa mama huyu, yuko hai. Hakuugua kwa muda mfupi. Hakulala. Mimi Naliaka nilidanganya, na picha niliiweka mimi."

Mtu mmoja akacheka. Mama akageuka akamtazama, akaacha. Kisha akaanza kurudi polepole kwa Baba Nekesa, akamshika kidevu, akamshika masikio, akaweka kiganja chake mbele ya pua yake akakiacha hapo muda mrefu. Halafu akampa lile shuka abebe. Baba Nekesa akalia kama mtoto, pale mbele ya makanga, na mimi nikashuka kwenye kreti nikakaa chini kwenye vumbi.

Hiyo ndiyo video. Dukani siku hizi sikubali kuweka picha ya mtu kwenye programu mpaka familia iniletee kibali cha mazishi mkononi, hata ulie, na nimeapa sitamzika tena mtu yeyote kwa ajili ya kushinda ubishi. Kikundini wakigombana kama filamu ya sita imfufue Makokha ama imwache, mimi nakunywa chai yangu. Nimeona mtu akifufuliwa. Si jambo la kuombea.

Mama alirudi kwake baada ya wiki mbili. Kila Jumapili Baba Nekesa humpigia, wakimaliza kuongea mama hunipigia mimi, anauliza swali moja tu: ni yeye ama ni kanda. Nami huwa nimeshatoka kwangu, nimesimama mbele ya mwanawe, namwona, ndipo najibu ni yeye.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa nimechoka, nimejilaza kwangu. Simu ikalia, nikajibu nikiwa palepale kitandani.

"Ni yeye, Mama. Yuko hapa mbele yangu."

Nilijibu hata kabla hajauliza.

"Hapana," akasema. "Nenda umwone."

Nikavaa viatu nikatoka mbio kwenye mvua.